Ami aliacha nyama, akahamia kwenye soseji

Mwaka jana ami yangu wa Wete alipimwa presha ikaonekana iko juu. Aliyempima akamwambia maneno matatu tu: "Acha nyama nyekundu." Foleni ilikuwa ndefu, maelezo zaidi hayakupatikana. Ami ni mtu wa kushika neno. Tangu siku ile nyama ya ng'ombe haikuingia tena jikoni kwake, na kwa kuwa nyumba ile ina chungu kimoja, haikumfikia mtu mwingine yeyote pale ndani.

Nilipokwenda kumtazama, asubuhi nilimkuta na chai, boflo na soseji mbili za kukaanga.

"Ami, na hizi?"

"Hizi za kuku, mwanangu. Nyekundu mimi nimeacha."

Mchana tukala wali kwa mchuzi wa papa mkavu, mtamu sana, na chumvi yake ikanifanya ninywe maji mpaka alasiri. Mkaza mwanawe, mwenye mimba ya miezi sita na kadi ya kliniki iliyoandikwa kwamba damu yake ni ndogo, alikula wali uleule na mchuzi uleule, kisha akajimiminia kikombe cha chai nzito ya maziwa. Nikatazama sinia lile, nikaona kwamba neno moja la kweli limefika nyumbani bila maelezo yake, na watu wawili wameumizwa nalo kwa njia mbili tofauti.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya sinia lile. Neno "nyama nyekundu ina madhara" lina ukweli ndani yake, lakini lina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoamua nani apunguze nini.

Nyama ipi?

Wataalamu wakisema nyama nyekundu wanakusudia misuli ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia, na nguruwe kwa wanaomla. Rangi ya nyama ikishapikwa haihusiki. Wekundu wake unatoka kwenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli, na katikati ya protini hiyo mna chembe ya chuma. Kuku na samaki hawamo katika fungu hili.

Nyama ya kusindikwa ni fungu jingine kabisa. Hii ni nyama iliyotiwa chumvi nyingi, dawa za kuhifadhi, moshi au chachu ili ikae muda mrefu au ipate ladha nyingine: soseji, nyama ya kopo, salami, bekoni. Hapa rangi haiulizwi. Kuku akishasagwa, akatiwa chumvi na dawa ya kuhifadhi, akafungwa kama soseji, amekuwa nyama ya kusindikwa sawasawa na ng'ombe. Kwa hiyo ami alihama kutoka fungu ambalo ushahidi wa madhara yake ni mdogo akaingia fungu lenye ushahidi mzito zaidi, na alifanya hivyo kwa kutii.

Kusaga peke yake si kusindika. Nyama uliyosagiwa bucha la Darajani kwa ajili ya sambusa za futari ni nyama mbichi tu iliyokatwa ndogo sana.

Nimesikia pia watu wazima wakisema tafiti hizi ni za Wazungu wala nguruwe, sisi hazitugusi. Ni kweli kwamba nyama nyingi za kusindikwa zilizochunguzwa zilikuwa za nguruwe. Lakini ng'ombe naye alikuwamo, na chumvi na dawa zinazotiwa ni zilezile. Muhuri wa halali kwenye pakiti unatupa jambo kubwa: unatuambia mnyama ni yupi na amechinjwa vipi. Kiasi cha chumvi kilichomo haukuwekwa kutuambia, hilo linataka macho yetu wenyewe nyuma ya pakiti, pale penye maandishi madogo.

Na papa mkavu, na ng'onda? Samaki hawahesabiwi katika nyama ya kusindikwa. Katika orodha ya visababishi vya saratani yumo samaki wa chumvi wa Kichina, lakini yule hutayarishwa kwa namna yake maalumu na uhusiano wake ni na saratani ya nyuma ya pua, hivyo si haki kumbebesha ng'onda wetu hukumu ile. Tatizo la ng'onda kwa mtu kama ami ni chumvi, na kwa mwenye presha hilo linatosha. Mabibi zetu walimroweka papa na kumwaga maji mara mbili tatu kabla ya kumpika. Kazi ile ina faida, tusiiache kwa haraka ya mjini.

Orodha iliyotisha watu

Hofu kubwa ya nyama ilianza Oktoba 2015. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani. Walipitia tafiti zaidi ya 800. Wakaamua mambo mawili: nyama ya kusindikwa wakaiweka Kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu wakaiweka Kundi la 2A, la vitu ambavyo yamkini vinasababisha. Saratani iliyohusika hasa ni ya utumbo mpana.

Sigara nayo imo Kundi la 1. Basi magazeti yakaandika kwamba soseji ni kama sigara, na sentensi hiyo bado inazunguka kwenye simu zetu kila mwaka, ikija na picha mpya na sauti mpya. Siku chache tu baada ya tangazo lile Shirika la Afya Duniani lilibidi litoe ufafanuzi kwamba halikumwambia mtu aache kabisa kula nyama za kusindikwa, bali kuzipunguza hupunguza hatari.

Kosa la sentensi ile ni hili. Makundi yanapima uhakika, hayapimi ukubwa wa madhara. Shahidi akithibitisha mbele ya kadhi kwamba fulani ameiba, umejua kwamba ameiba. Bado hujajua kama aliiba yai au jahazi.

Itazame orodha yenyewe kwa macho ya mtu wa visiwani. Kundi la 1, pamoja na soseji na sigara, mna miale ya jua. Mna pombe. Mna tambuu na popoo, iwe na tumbaku au bila, kitu ambacho wazee wetu wengi wanakitafuna barazani bila ya mtu kuwatumia ujumbe wa kuwaonya, na mimi naona hiyo ni dhuluma kwao, kwa sababu saratani ya mdomo ni jambo zito. Kundi la 2A, pamoja na nyama ya ng'ombe, mna moshi wa kuni ndani ya nyumba. Mna vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, vilivyoingizwa mwaka 2016. Mna kazi za zamu za usiku. Basi mama anayepika kwa mafiga katika jiko lisilo na dirisha, akamaliza akanywa chai ikiwa bado inaunguza ulimi, amegusana mara mbili na Kundi la 2A kabla hata nyama haijaletwa. Tukitaka kuogopa kwa jina la kundi, tuogope yote sawasawa. Tukitaka kufahamu, tuulize swali la pili: ni kiasi gani?

Makadirio yaliyotajwa wakati ule yalikuwa haya: kila mwaka duniani vifo vya saratani vinavyotokana na tumbaku ni takriban 1,000,000, vya pombe 600,000, vya uchafu wa hewa zaidi ya 200,000, na vinavyohusishwa na ulaji mkubwa wa nyama za kusindikwa takriban 34,000. Hao 34,000 ni watu, wana watoto na wazazi. Lakini anayevuta pakiti nzima kwa siku huku akijisifu kwamba ameacha nyama hajaanza pale palipo na moto.

Asilimia 18 ya nini?

Namba iliyotembea zaidi ni asilimia 18. Kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja ya kawaida. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba katika walaji soseji 100, 18 wataugua. Sivyo.

Tuchukue watu 100 katika nchi ambayo, kwa kawaida yake, 5 kati yao hupata saratani hiyo katika umri wao wote, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Asilimia 18 ya watu 5 ni chini kidogo ya mtu 1. Basi wale 100 wote wakila soseji moja kila siku kwa miaka, watakaougua watakuwa karibu 6 badala ya 5. Kwetu Afrika Mashariki saratani hiyo bado ni chache kuliko Ulaya, kwa hiyo nyongeza nayo ni ndogo zaidi. Lakini ulaji wetu unabadilika, na viwango vya ugonjwa navyo hufuata nyuma kwa miaka.

Maneno "kila siku" na "kwa miaka" ndiyo yanayobeba uzito wote. Hakuna aliyeonyesha kwamba biriani ya harusi au nyama ya Idi kubwa inamtia mtu saratani. Mwenye kupata nyama kwa sadaka ya udhhiya, akaila siku tatu na asiione tena kwa wiki kadhaa, hayumo katika hadithi hii hata kidogo. Ale na ashukuru.

Kwa nyama nyekundu isiyosindikwa ushahidi ni dhaifu zaidi. Namba iliyotajwa ni asilimia 17 kwa kila gramu 100 kwa siku, lakini wataalamu wenyewe waliweka sharti: ikiwa kweli nyama ndiyo sababu. Tafiti nyingi zilikuwa za kuwaangalia watu, si za kuwagawa mafungu mawili na kuwalisha tofauti. Na katika nchi zile anayekula nyama nyingi sana mara nyingi ndiye anayevuta zaidi, anatembea kidogo, ana kitambi, na mboga kwake ni pambo la sahani. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha mambo hayo kwa hesabu, ila hayatengani yote.

Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la watu 14 lilitoa ushauri uliowashangaza wengi: watu wazima waendelee tu na kiasi wanachokula, kwa sababu uhakika wa ushahidi ni mdogo. Wengine wakawapinga kwa ukali. Nimesoma hoja za pande zote mbili na naona zilitazama namba zinazokaribiana sana. Walichogombania ni uamuzi. Kwa nchi ya mamilioni ya watu, hatari ndogo kwa kila mmoja ni wagonjwa maelfu, na serikali ina haki ya kuonya. Kwa mtu mmoja mwenye sahani yake, hatari hiyohiyo ni jambo la kupima na mengine aliyonayo. Mimi nimeegemea upande wa kupunguza, kwa sababu nitakayoieleza: mwili wenyewe unaonyesha njia ambazo madhara yanaweza kupitia.

Njia tatu

Ya kwanza ni ile chembe ya chuma ndani ya wekundu, iitwayo hemu. Ikifika kwa wingi kwenye utumbo mpana, huchochea kutengenezwa kwa kemikali za nitroso, ambazo zinaweza kuharibu vinasaba vya seli zinazozunguka utumbo. Seli hizo hujikarabati kila siku. Zikiharibiwa kila siku, siku moja ukarabati unaweza kukosea.

Ya pili ni nitriti, dawa inayotiwa kwenye nyama nyingi za kusindikwa. Kwenye pakiti huandikwa E250. Ina kazi ya maana: huzuia bakteria wenye sumu ya kuua, na huifanya nyama ibaki na rangi ya waridi inayopendeza. Lakini tumboni, ikikutana na protini za nyama, nayo huzaa kemikali zilezile za nitroso. Soseji basi ina milango miwili kwa wakati mmoja. Watu huniuliza kwa nini basi mchicha, ambao nao una nitreti, ndugu yake nitriti anayeweza kugeuka nitriti mwilini, hausemwi. Mchicha huja na vitamini C na vitu vingine vinavyozuia kemikali zile zisitengenezwe. Kitu kilekile kikija na wenzake wengine kinafanya kazi nyingine.

Ya tatu ni moto, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ya mishkaki.

Nyama ikikutana na moto mkali, kuanzia kama nyuzi 150 kwenda juu, protini na vitu vingine vya misuli hugeuka kuwa kemikali zenye uwezo wa kuharibu vinasaba. Ndizo zinazokaa katika ile ngozi iliyoungua. Tena mafuta yakidondokea makaa huzaa moshi, na moshi ule hupanda na kuipaka nyama kemikali nyingine za jamii ya masizi. Hili halichagui rangi: kuku wa mkaa na samaki wa mkaa nao hupata sehemu yao.

Chungu hakifiki huko. Maji hayapiti nyuzi 100 hata ukiongeza kuni usiku kucha. Kwa hiyo supu, mchuzi wa nazi, chukuchuku ya ndimu, hata pilau ambayo nyama yake huchemshwa kwanza na maji yake yakapikiwa mchele, vyote hivi ni vya upole kwa upande wa moto. Mapishi ya kila siku ya Unguja na Pemba ni ya chungu zaidi kuliko ya mkaa, na hili naliona ni rehema ambayo hatukuitafuta.

Mishkaki yenyewe ina habari njema pia. Wapishi wetu huilaza nyama kwenye papai bichi, tangawizi, thomu, ndimu na bizari. Walitafuta ulaini na utamu, lakini majaribio yameonyesha kwamba kulaza nyama kwenye viungo na vitu vichachu kabla ya kuchoma hupunguza kemikali za moto mkali. Vipande vidogo huiva upesi, na hilo nalo husaidia. Linalobaki ni subira: makaa yaachwe mpaka ndimi za moto zilale na majivu yatande, mafuta yanayoning'inia yakatwe, kijiti kigeuzwe mara kwa mara, na penye weusi pakatwe pasiliwe. Anayekaa Forodhani jioni moja akala vijiti viwili na kachumbari nyingi sina la kumwambia. Ninayemuonea huruma ni kijana mchomaji, anayesimama juu ya moshi ule kila usiku na chakula chake cha usiku ni mabaki ya vilivyoungua. Kwake hesabu ni tofauti kabisa, mapafu yake yamo pia, na hakuna anayemkumbuka katika mjadala huu.

Moyo, presha na sukari

Ami hakwenda kupimwa saratani, alikwenda kupimwa presha. Kwa hiyo swali lake hasa lilikuwa hili, na jibu lake lilihitaji maneno mengine.

Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walijumlisha tafiti 20 zenye watu zaidi ya milioni 1.2. Walikuta kwamba gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku zinaambatana na ongezeko la asilimia 42 la ugonjwa wa mishipa ya moyo na asilimia 19 la kisukari. Kwa nyama nyekundu isiyosindikwa hawakuona uhusiano wa wazi na ugonjwa wa moyo. Walipotafuta tofauti kati ya nyama hizo mbili, mafuta yalikaribiana. Kilichopishana sana ni chumvi: ya kusindikwa ilikuwa nayo takriban mara nne zaidi.

Hapo ndipo kosa la asubuhi ile Wete linapoonekana vizuri. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya mkate, ya kachumbari na ya achari. Soseji nyingi zina kama gramu 2 za chumvi katika kila gramu 100. Soseji mbili za ami zilimaliza kama gramu 2, yaani karibu mbili kwa tano ya chumvi yake ya siku nzima, kabla jua halijapanda vizuri, kisha papa mkavu akaja mchana. Nyama mbichi ya ng'ombe, kabla hujaitia mkono, ina chumvi kidogo sana. Chumvi ya mchuzi wa nyama ni ile uliyoitia wewe, na unaweza kuipunguza ukaongeza ndimu na pilipili.

Mafuta nayo yana nafasi yake. Mafuta ya ng'ombe yanayoganda hupandisha kolesteroli mbaya, na mwenye kupenda nundu na samli kila siku ajue hilo. Nazi nayo ina mafuta ya kuganda, kwa hiyo kuondoa nyama na kuongeza tui zito hakukupeleki mbali.

Kuhusu sukari, uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2024, wenye watu karibu milioni 2 katika nchi 20, uliona gramu 50 za nyama ya kusindikwa kwa siku zikiambatana na ongezeko la asilimia 15 la kisukari cha aina ya pili, na gramu 100 za nyama nyekundu asilimia 10. Ni uhusiano, si hukumu, lakini umerudi mara nyingi mno katika tafiti kwa mtu kuupuuza. Mwenye wazazi wa sukari afanye hadhari.

Na jongo, maana najua litaulizwa. Nyama nyingi huongeza asidi ya yuriki, ile inayoganda kwenye viungo na kuleta maumivu ya jongo kwa wenye maumbile hayo, ila maini na dagaa huongeza zaidi. Anayeacha mbuzi akala dagaa kila siku asishangae kidole gumba cha mguu kikiwaka.

Yule ambaye hakuulizwa

Sasa nirudi kwa mkaza mwana. Hakuwa na presha wala sukari. Alikuwa na damu ndogo, na katika hilo hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa Tanzania wana upungufu wa damu, na kwa wanawake wa umri wa kuzaa ni wanne katika kila kumi. Ile hemu niliyoieleza kama mlango wa madhara ndiyo pia chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kuliko chuma kingine chochote cha chakula. Chuma cha kunde, mchicha na kisamvu huingia kwa shida, na kipande kidogo tu cha nyama au samaki katika mlo uleule hukivuta nacho kiingie zaidi. Nyama pia ina vitamini B12, ambayo mboga hazina.

Kwa hiyo kitu kilekile kinamfaa mmoja na kumzidi mwingine, na haitegemei kitu, inategemea mtu na kiasi. Mtoto anayeanza kula, msichana aliyevunja ungo, mama mwenye mimba: hawa katika nyumba zetu nyingi wanakula nyama chini ya wanavyohitaji, si zaidi. Tena kwa desturi kipande kinene huenda kwa mwanamume mkubwa, ambaye ndiye anayetakiwa apunguze. Hili linaniuma, kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya, na linarekebishika kwa upawa tu.

Wasio na uwezo wa nyama wana njia pia. Ndimu ikikamuliwa juu ya kunde au mchicha huongeza chuma kinachoingia. Chai inayofuata mlo papo hapo hukipunguza, kwa hiyo ingoje saa moja au zaidi. Vidonge vya kliniki visiachwe kwa sababu ya chochote nilichokiandika hapa.

Kiasi

Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa, na za kusindikwa ziwe chache sana au zisiwepo. Gramu 500 zilizopikwa ni kama gramu 700 hadi 750 za steki mbichi kabla haijanywea jikoni. Kwa mtu mmoja, kwa wiki nzima. Nyumba nyingi za Pemba hazifiki hapo. Wapo wanaofika na kupita, hasa mjini, hasa wenye kula nje kila usiku.

Nafasi inayoachwa na nyama ijazwe na nini, hapo ndipo faida au hasara inapopatikana. Ikijazwa na samaki mbichi, choroko, mbaazi za nazi nyepesi, kunde, umeshinda mara mbili, kwa sababu nyuzinyuzi za nafaka na kunde zenyewe huulinda utumbo mpana. Ikijazwa na chipsi na soseji, umepoteza. Najua kusi likivuma baharini hakuendeki na bei ya samaki inapanda mpaka inakimbiza watu. Miezi hiyo kunde na choroko zinaokoa nyumba, na mbuzi kidogo ndani ya chungu cha mseto haina ubaya.

Pakiti za soseji kwenye mifuko ya watoto wa skuli ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko ng'ombe wote wa Idi. Mtoto anayeanza leo ana miaka 60 ya kuzila.

Na jambo moja la kuliangalia bila kungoja: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi, uzito unaopungua bila sababu, au damu inayokwisha kwa mtu mzima ambaye hana hedhi. Watu wetu husema ni bawasiri, wakanywa mitishamba mwaka mzima. Huenda ni bawasiri kweli. Lakini saratani ya utumbo mpana ikishikwa mapema hutibika vizuri, na kwa mkaazi wa visiwani aliyechelewa safari ni ya kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, nayo ni ndefu na ya gharama. Uliza mapema, hata kama unaona haya.

Nilikwenda tena Wete baada ya mwezi. Niliwahi kumweleza ami kwa simu haya yote, kidogo kidogo, na nikamwomba aulize tena kliniki, safari hii akiwa na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi: chumvi kiasi gani, nyama mara ngapi, dawa ipi na saa ngapi. Soseji zilikuwa hazipo. Chungu kilikuwa cha chukuchuku ya mbuzi, na pembeni mchicha na muhogo wa kuchemsha. Shangazi alipakua kwa mkaza mwana kwanza, vipande vinne na supu, akamsogezea ndimu. Kwa ami akatia kipande kimoja na mchicha mwingi. Ami akakitazama kile kipande, akanitazama mimi, akasema, "Nipitishie ndimu na mimi, mwanangu, hii haina chumvi."